Nadharia Haipandi Cheo Ikawa Kanuni

Hotuba hii ilitolewa mjini Kisumu mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wazazi waliokuja kutazama kazi za vilabu vya sayansi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Oyawore! Mulembe! Bwakire buya! Chamgei! Na nyinyi mliotoka mbali zaidi, hamjambo?

Walimu wenzangu, wazazi wetu, wazee mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi na watoto, asanteni sana. Na nyinyi wanafunzi, wenye siku hii, nawasalimu kipekee.

Nimepita kwenye meza zenu tangu asubuhi. Nimeona gesi ya kupikia iliyotokana na magugu maji. Nimeona kichujio cha mchanga na makaa kikigeuza maji ya tope kuwa maji meupe. Nimejivunia. Lakini kuna mchoro mmoja nimeukuta kwenye zaidi ya bango moja, na huo ndio ulionifanya niweke kando niliyokuwa nimepanga kusema. Ni mchoro wa ngazi. Kipandio cha chini kimeandikwa "kisio", yaani wazo ambalo bado halijapimwa, cha kati "nadharia", na cha juu kabisa, chenye nyota, "kanuni". Maana yake ni kwamba kisio likipata ushahidi kidogo huwa nadharia, na nadharia ikithibitishwa kabisa hupandishwa cheo ikawa kanuni.

Wanangu, hamkuubuni nyinyi mchoro huo. Uko vitabuni, uko katika majibu ya mitihani, uko vichwani mwa watu wazima wenye shahada zao ukutani. Nami nasema mbele yenu nyote: ngazi hiyo haipo. Haipo leo, na haijawahi kuwapo.

Mtauliza, kuna ubaya gani mtoto akiichora? Ubaya upo. Mtu aliyekua na ngazi hiyo kichwani, ukimweleza jambo lolote zito la sayansi, anakukata kwa maneno matatu: "Hiyo nadharia tu." Vijidudu huleta magonjwa? Nadharia tu. Viumbe hubadilika vizazi kwa vizazi? Nadharia tu. Kwake nadharia ni kitu kilichokwama katikati ya ngazi, kinangoja kuthibitishwa. Nitajitahidi mtoke hapa leo mkiwa na jibu la kumpa.

Tuanzie ziwani. Wazee wetu waliovua kwa matanga waliondoka alfajiri upepo wa nchi kavu ukiwasukuma kuelekea majini, wakarudi alasiri upepo wa ziwa ukiwaleta nyumbani. Walijua kwamba usiku hadi alfajiri upepo hutoka nchi kavu, na mchana hutoka ziwani. Hiyo ni kanuni, hata kama hakuna aliyeiandika kwa mlinganyo. Inasema kinachotokea, hali fulani ikiwapo, na unaweza kuitegemea hata kwa uhai wako.

Sasa, kwa nini? Kwa sababu ardhi hupata joto upesi na kulipoteza upesi kuliko maji. Mchana hewa iliyo juu ya ardhi hupata moto, hupanuka, huwa nyepesi, hupaa, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Hapo tumeacha kanuni na kuingia katika nadharia, kwa sababu sasa tunaeleza chanzo. Na tazameni faida yake. Maelezo hayohayo yanatueleza kwa nini mvua za radi za Kisumu hupenda kuja alasiri, ilhali katikati ya ziwa dhoruba kali huja usiku. Usiku pepo za nchi kavu hutoka kila upande wa ziwa zikakutana katikati, hewa ikakosa pa kwenda isipokuwa juu. Dhoruba hizo zimewaacha wajane wengi katika fuo zetu, na anayetaka kuwaonya wavuvi mapema hana budi kujua chanzo chake.

Je, maelezo haya ya joto na hewa yakipata ushahidi zaidi na zaidi, yatageuka siku moja yawe "mchana upepo hutoka ziwani"? Hapana! Yatageukaje? Sababu ya tukio haigeuki ikawa tukio. Kanuni husema nini, nadharia husema kwa nini. Ni kazi mbili tofauti, na hakuna inayongoja kuwa nyingine.

Naomba msichana mmoja aje hapa mbele. Njoo, mwanangu. Shika sirinji hii, haina sindano. Vuta hewa hadi alama ya 20. Ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kaza. Sasa sukuma. Endelea. Amefika 15, na uso umeanza kukunjamana. Sukuma hadi 10. Mnaona mkono unavyotetemeka? Sasa achia. Mmeona kishinikizo kilivyoruka nyuma? Asante, mwanangu, lakini usiketi bado, nina swali. Ulipofika nusu, ni nini kilichokuwa kikikusukuma?

Amesema "hewa". Sawa kabisa. Robert Boyle alijibu vivyo hivyo mwaka 1662. Alitumia mrija wa kioo uliopindwa kama herufi J na zebaki ndani yake, akapima kwa subira, akapata kwamba ukiikamua hewa hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo huwa maradufu, mradi halijoto isibadilike. Hiyo ndiyo Kanuni ya Boyle mnayoijua wote. Lakini ukimuuliza Boyle kwa nini, anakosa jibu la hakika. Alikuwa na kanuni iliyo sahihi, imepimwa, imeandikwa, bila nadharia ya kuifafanua.

Ilichukua muda gani? Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alisema hewa ni chembe ndogo mno zinazokimbia kila upande na kugonga kuta za chombo. Ukipunguza nafasi, migongano huongezeka, na hiyo migongano ndiyo shinikizo. Mwanangu, kilichokuwa kikikusukuma ni mvua ya mapigo yasiyohesabika. Ajabu ni kwamba wenzake Bernoulli hawakumsikiliza sana. Zaidi ya miaka mia moja ikapita ndipo wanafizikia Maxwell na Boltzmann wakaikuza nadharia hiyo ya mwendo wa chembe, na hata mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo wanasayansi wakubwa waliokana kwamba atomu zipo.

Basi hesabuni wenyewe. Kanuni ilizaliwa 1662, nadharia ikaja kukomaa karne mbili baadaye. Ngazi ile inasema nadharia hutangulia, kanuni hufuata. Hapa kanuni ndiyo iliyotangulia!

Na kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami sitaki tulipite. Kanuni ya Boyle si kweli kila mahali. Ikamue gesi sana, au ipoze sana, nayo itaacha kuitii. Nani aliyetueleza kwa nini? Nadharia. Mwaka 1873 Johannes van der Waals alionyesha kwamba chembe zenyewe zina ukubwa, zinachukua nafasi, na tena huvutana. Zikiwa mbali mbali mambo hayo hayana uzito, zikibanwa yanakuwa makubwa. Kwa hiyo nadharia ndiyo iliyokuja kuiambia kanuni, "Wewe unafaa hadi hapa, zaidi ya hapa hesabu zako zitakosea." Ingekuwaje mdogo amwekee mkubwa mipaka, kama kweli kanuni ndiyo iliyo juu?

Ahsante, mwanangu, sasa unaweza kuketi.

Sitachukua muda mrefu kwa Newton, maana mmemsoma. Mwaka 1687 alitupatia kanuni ya uvutano: kila kitu huvuta kila kitu, kwa nguvu inayotegemea uzito wa vitu hivyo na umbali ulio kati yao. Je, alijua kwa nini? Alikiri wazi, katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1713, kwamba hajaweza kugundua chanzo cha uvutano na hatabuni makisio ya kujaza pengo hilo. Mtu mkubwa namna ile, na hakuona haya kusema: nina kanuni, sina nadharia.

Kanuni yake ilifanya makubwa. Mwaka 1846 Urbain Le Verrier aliitumia kukokotoa mahali ambapo sayari isiyojulikana ilipaswa kuwa, na wanajimu wa Berlin wakaelekeza darubini, wakaiona Neptune karibu palepale. Basi alipoona kwamba njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, inapotoka kidogo na hesabu za Newton, alifanya alilofanya mwanzo: akasema mwaka 1859 kwamba iko sayari nyingine ndogo iliyojificha karibu na jua. Watu wakaitafuta miaka na miaka. Haikuwapo. Upotofu wenyewe ni mdogo ajabu, sekunde 43 za pembe katika miaka mia moja. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein akaupata wote, bila kuongeza sayari, kutokana na nadharia mpya iliyoeleza uvutano kuwa ni kupinda kwa nafasi na wakati. Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, wanajimu waliokwenda kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya bara letu hili, na wengine Sobral nchini Brazili, walipima mwanga wa nyota ukipinda kando ya jua, kama nadharia hiyo ilivyotabiri.

Sasa vijana wa bodaboda wanaotumia ramani ya simu kufika mtaa wa Kondele wamebeba kazi ya Einstein mfukoni. Saa zilizo kwenye setilaiti zinazoongoza ramani hiyo huenda mbele ya saa zetu za huku chini kwa takriban sehemu 38 za milioni moja za sekunde kila siku. Bila kurekebisha tofauti hiyo, ndani ya siku moja ramani ingepotoka kwa kilomita kadhaa. Mpaka leo kazi hiyo ya Einstein inaitwa nadharia ya uhusianifu. Haitaitwa kanuni hata ikidumu miaka elfu. Na Newton hatukumtupa: ukijenga daraja, ukirusha roketi, kanuni yake yatosha.

Nataka nikae kidogo kwa jambo linalofuata, kwa sababu ni letu. Hapa ukumbini wamo watu wenye ndugu au watoto walio na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, sikoseli kama wengi wetu tunavyouita. Mnajua maumivu ya mifupa usiku, mnajua kungojea damu hospitalini. Ukanda huu wa ziwa una wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Kwa nini sisi?

Kwanza kanuni. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alipanda njegere miaka mingi na kuhesabu. Katika kizazi cha pili alipata mbegu laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850, karibu tatu kwa moja. Akachapisha mwaka 1866, na dunia ikampuuza hadi 1900, yeye akiwa kaburini. Kanuni yake inatuambia kwamba kila mzazi ana nakala mbili za jeni, yaani kile kinachobeba sifa ya kurithi, humpa mtoto moja. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, yaani wenye nakala moja tu ya jeni ya ugonjwa, nao ni wazima wa afya kabisa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa mtoto mgonjwa.

Sikilizeni vizuri hapo: kila mimba. Nimesikia wazazi wakisema, "Huyu wa kwanza ni mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya. Wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo, na wapo waliopata wazima sita. Kanuni haikumbuki mtoto aliyetangulia.

Hiyo kanuni ni ya thamani. Lakini Mendel hawezi kukwambia kwa nini jeni hii imejaa Siaya, Kisumu, Homa Bay na Busia, ilhali milimani ni adimu. Tena inazua fumbo. Zamani watoto waliopata nakala mbili walikufa wengi kabla ya kuwa wazazi, na kila aliyekufa alikwenda na nakala zake. Jeni kama hiyo ilipaswa kupungua kila kizazi hadi iishe. Mbona haikuisha?

Anthony Allison alilelewa shambani Gilgil, hapo njia ya Nakuru, akaenda kusomea udaktari Oxford. Mwaka 1949 alirudi Kenya na msafara wa chuo hicho, akachukua damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kando ya ziwa letu alikuta wabebaji zaidi ya mmoja katika kila watu watano. Nyanda za juu hawakufika mmoja katika mia. Weka ramani hiyo kando ya ramani ya malaria. Zinafanana!

Akapata maelezo: mwenye nakala moja haugui sikoseli, na wakati huohuo malaria haimwezi kama inavyomweza asiye nayo. Palipo na malaria nyingi, mwenye nakala moja ndiye aliyefaulu zaidi kukua na kupata watoto. Maelezo hayo hayakutoka hewani. Yalikaa ndani ya nadharia ya uteuzi asilia, kwamba wanaofaulu zaidi kuishi na kuzaa ndio wanaorithisha sifa zao, ambayo Charles Darwin aliichapisha mwaka 1859.

Na nadharia ya kweli hukubali kujaribiwa. Mwaka 1953 Allison alirudi, akawapata Waluo watu wazima waliojitolea: 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, akawaambukiza vimelea vya malaria. Kati ya wasio wabebaji 14 walionekana na vimelea kwenye damu. Kati ya wabebaji, wawili tu. Akachapisha mwaka 1954. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio la namna ile, na ni haki isiruhusu. Lakini nataka tuwakumbuke wale wanaume. Majina yao hayasomwi shuleni, ilhali damu yao ndiyo iliyokata shauri. Na mwaka 2002 matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto wachanga wa Asembo, hapo Siaya, yalionyesha jambo lilelile: watoto wenye nakala moja walikufa wachache, na upungufu mkali wa damu wa malaria haukuwapata sana kama wenzao.

Mama mmoja aliniambia kwamba alipozika mtoto wa pili, jamaa za mume walisema ni chira, kuna mwiko ameuvunja. Kanuni ya Mendel ingemwambia mama huyo hesabu yake. Nadharia inamwambia jambo kubwa kuliko hesabu: mama, hukuvunja chochote. Wewe na mume wako mmerithi kitu kilichowaokoa bibi zenu na babu zenu wakiwa watoto, hapa hapa kando ya ziwa, malaria ikiwaua wenzao. Je, kuna mtu humu anayeweza kusimama mbele ya mama yule akasema, "Hiyo nadharia tu"?

Vijana, mkifika umri wa kuoana, pimweni damu wote wawili kabla. Ni kipimo kidogo. Mnaambiwa na mtu aliyeona msiba wa kutopima.

Najua kuna wazazi ambao, niliposikika nikimtaja Darwin, walikaa sawa kwenye viti. Nimewaona, na nawaheshimu. Siwaombi mwache imani zenu. Naomba jambo moja tu: msiikatae nadharia ya mageuko kwa hoja ya kwamba ni nadharia. Ina ushahidi, na mwingine uko kwetu. Kisiwani Rusinga, mwaka 1948, mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Na wale fulu, samaki wadogo ambao nyanya zetu walikausha juani, ni jamaa ya mamia ya spishi zilizozuka ndani ya ziwa ambalo wanajiolojia wanasema lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena. Anayetaka kuipinga nadharia hii aje na maelezo bora ya vitu hivi. Huo ndio ushindani, na sayansi huukaribisha. Kisio linaweza kutupwa kwa sababu hakuna kinacholishikilia, lakini nadharia huitupi kwa kuitazama jina.

Walimu wenzangu, nimalizie kwenu. Muhula ujao mtafika kwenye sirinji na grafu ya Boyle. Wanafunzi watapima, watachora mstari, watapata alama zote, kengele italia. Nawaomba msifunge kitabu hapo. Ibakizeni dakika kumi muwaulize ni nini kilichokuwa kikiwasukuma kidole, na muwaache wabishane. Na mtoto akiandika kwenye mtihani kwamba nadharia ikithibitishwa huwa kanuni, msimpe alama hata kama kitabu kimesema hivyo. Mwiteni, mkae naye, mumweleze habari ya watoto wa Asembo.

Sasa tuingie kwenye maswali. Naona mkono umeinuliwa kule nyuma tangu nilipomtaja Einstein. Karibu, simama tukusikie.